Mama Mkwe Yuko Njiani

Chenge wa Pasiansi ni mwongoza wageni. Kazi hiyo inamtaka mtu atangulie, aonekane, aeleze. Sasa niwaambie tatizo lake, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye fulana ya kampuni alikuwa akikutwa amelala kifudifudi kwenye shamba la mihogo la watu, na Wazungu wazima wamelala nyuma yake.

Tatizo lake ni mama mkwe.

Msinielewe vibaya, hawana ugomvi. Bernadeta ni mama mtaratibu, na tangu Chenge amwoe Modesta, binti yake, hawajawahi kutazamana vibaya. Wangetazamana vipi wakati hawajawahi kuonana? Kwao Modesta, ng'ambo ya Busisi kwa Wazinza, familia yao inashika sana heshima ya ukwe: mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani, mwanamume anaacha njia anaingia porini, mama anageuza mgongo na kujifunika khanga, mpaka mambo yapite. Chenge ni Msukuma wa Kisesa, na kwao heshima kama hiyo ipo, kwa hiyo hakuona ajabu. Wakiwa na neno la kuambiana wanakiambia kitu kilicho karibu.

"Wewe kinu," mama anasema akiwa upande wake wa ukuta, "mwambie mkwe wangu mtoto anakohoa."

"Wewe kinu," Chenge anajibu upande wa pili, "mwambie mama nimesikia, dawa naleta."

Kinu kimya. Dawa inafika.

Kabla ya kazi hii Chenge alikuwa anauza mayai ya kuchemsha kwenye kivuko cha Kigongo. Siku mama mkwe akipanda kivuko, yeye anahamia nyuma ya malori na ndoo yake, wanavuka salama. Halafu daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi likafunguliwa. Magari yakaanza kupita moja kwa moja kama yanakimbia deni, na mayai yakabaki na mwenyewe. Kilichomwokoa ni Kiingereza. Alikiokota utotoni, akiwafuata wageni waliokuja makumbusho ya Bujora, akiwabebea kofia na kuwasahihisha majina ya ngoma. Gladness, dada wa Kichaga mwenye ofisi ya utalii pale mjini, alimsikia siku moja akimuuzia Mjerumani yai huku akimweleza historia ya ziwa. Akamchukua.

"Wageni wamechoka na simba, Ngosha," Gladness alimwambia. Ngosha ndivyo anavyowaita Wasukuma wote wanaume. "Sasa wanataka kutembea kwa miguu na kuona makabila madogo. Wazinza wananifaa kabisa. Wako wachache, vilima vyao vina mawe mazuri, na wanapika."

Hilo la kupika ndilo lililoharibu. Gladness alikwenda mwenyewe ng'ambo, akala nyumba hii, akala nyumba ile, mpaka akafika kwenye ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, na sato wa kukausha aliyeungwa karanga, akasema hapa hapa. Nyumba ya Bernadeta. Chenge anapata habari, mama mkwe ameshanunua sahani za wageni na kuchimba choo kipya chenye mlango wa bati.

"Madam," Chenge akasema, "yule ni mama mkwe wangu."

"Hongera! Utakula bure."

"Siruhusiwi kuonana naye."

"Mahakama imesema?"

"Heshima, madam."

Gladness alicheka mpaka akafuta macho. "Usinichekeshe asubuhi. Utampa shikamoo, atakupa marahaba, imeisha."

Nyumbani Modesta hakucheka hata kidogo. "Ukimharibia mama kazi yake kwa sababu ya kazi yako, utakuja kunieleza. Na ukimtazama usoni, usijisumbue kunieleza, utakuta nimeshaenda kwetu."

Basi mnaona alipobanwa. Akimkwepa mama mkwe, kazi hana. Akimkabili, mke hana.

Walichofanya wakwe hawa wawili, kwa kupitia kinu, ni kutengeneza utaratibu wa sufuria. Wageni wanapofika, Chenge anabaki nyuma ya migomba na kueleza chakula kwa kupaza sauti. Bernadeta kabla ya kutoka jikoni anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, na Chenge akisikia anainama. Kwa hiyo wageni walikuwa wanakula huku sauti inawajia kutoka migombani: "Huyu samaki amekaushwa juani..." ngo, ngo, ngo! Kimya. Majani yanatikisika. Mama anatoka, anawanawisha mikono, anarudi ndani. "...halafu anachomwa kidogo kwa moshi," sauti inaendelea.

Hayo yalikwenda vizuri. Hawakuwa wamefikiria habari ya njiani.

Asubuhi Chenge huwaambia wageni neno moja kubwa: fanyeni ninachofanya mimi. Ni kwa ajili ya nyoka, kule kwenye mawe wapo. Siku ya kwanza kabisa, wanashuka kilimani, mara anamwona Bernadeta anakuja na mzigo wa kuni. Chenge hakufikiri. Akaruka ndani ya mihogo, akalala. Wageni nao wakaruka, mmoja na mkoba wake wa mgongoni, mwingine na miwani mkononi, bibi mmoja mnene akasaidiwa na mumewe kwa kusukumwa. Bernadeta akageuza mgongo, akajifunika, akasubiri. Alipokuja kutazama upande, akaona viatu vya rangi zote vimetokeza kwenye mihogo, akapita haraka.

"Nyoka?" wakanong'ona.

"Mama wa mke wangu," Chenge akasema.

Walitazamana. Hakuna aliyecheka. Yule bibi mnene alikung'uta udongo, akauliza kwa upole kama heshima hiyo inaweza kuombwa pia na mtu asiye Mzinza, maana yeye mkwewe wa kiume huja kila Jumapili.

Wakarudi kwao wakaandika mitandaoni. Makundi yaliyofuata hayakuuliza mawe, hayakuuliza ngoma. Yaliuliza: tutajificha saa ngapi?

Gladness ni mfanyabiashara, hakuchelewa. Akaingiza kwenye ratiba: saa nne kamili, kujificha mkwe. Akampelekea Bernadeta ujumbe kwamba awe anapita na kuni muda huo kila siku, na khanga nyekundu ikiwezekana, inatoka vizuri kwenye picha. Bernadeta alipita siku chache kwa sababu alikuwa hajarudisha fedha ya choo chake kipya. Siku moja akakataa, Gladness akamtafuta mama mwingine wa jirani apite badala yake.

Mama yule akaja kwa mbwembwe, amejifunika, kuni kichwani. Chenge akabaki amesimama wima.

"Lala basi!" mama akamwambia chini ya khanga.

"Wewe binti yako ameolewa Geita. Nilale kwa sababu gani?"

"Nimelipwa, wewe mwanaume! Lala tumalizane!"

Wageni wengine walikuwa wameshalala. Ikabidi wainuliwe.

Ndipo akaja Marijke. Huyu alikuwa mama wa Kiholanzi mwenye kampuni ya kuleta wageni, na kama njia ile ingempendeza angeleta makundi msimu mzima. Gladness alivaa raba mpya akaja mwenyewe. Siku hiyo safari ilianza kama kawaida, kwa kuvuka daraja kwa miguu kutoka Kigongo, upepo wa ziwa unapeperusha kofia, Chenge mbele anaeleza habari za maji.

Walipofika katikati akaona khanga anayoijua. Inatoka Busisi, inakuja.

Fikirini mahali pale. Kushoto ukingo wa bomba la chuma, na chini yake ziwa. Kulia kizuizi, na ng'ambo yake malori. Hakuna muhogo, hakuna mgomba, hakuna hata jani la kushika.

Chenge alilala palepale kwenye zege. Marijke na wageni wote wakalala nyuma yake.

"Umemwambia aje mpaka huku?" Gladness alinong'ona kwa furaha, naye amechuchumaa kwa ajili ya Marijke. "Ngosha, wewe ni mtaji!"

Bernadeta aligeuza mgongo, akajifunika, akasimama. Dereva wa lori akapunguza mwendo, akatoa kichwa. "Jamani, wamegongwa wangapi?"

Nyuma ya wageni akafika jamaa wa baiskeli, amepakia magunia ya dagaa hadi shingoni. Anaitwa Machibya, anavuka hapo kila siku na hana muda.

"Mama, pita basi!"

"Sipiti. Mkwe wangu amelala njiani."

"Mzee, inuka!"

"Siinuki. Mama mkwe amesimama."

Machibya akaegemeza baiskeli. Dagaa walikuwa wanaanza kunuka jua. "Sikilizeni. Mzee, inuka, mpe mgongo. Mama, na wewe umempa mgongo tayari. Sasa kila mmoja arudi kinyumenyume mpaka mpishane. Hakuna atakayemwona mwenzake. Ni hesabu ndogo."

Wakaanza. Chenge anarudi nyuma kuelekea Busisi, Bernadeta anarudi nyuma kuelekea Kigongo, Machibya anawaongoza kama anayeegesha basi: "Njoo, njoo, kushoto kidogo, njoo..." Wakafika migongo inakaribia kugusana. Na hapo Machibya akapiga kelele: "Simameni! Mkipishana tu mtakuwa mnatazamana!"

Wote wakaganda. Ilikuwa kweli. Hatua moja zaidi na heshima yote imekwisha.

Wakabaki hivyo, mgongo kwa mgongo, Chenge anatazama Kigongo, mama anatazama Busisi. Hawajawahi kuwa karibu namna ile. Chenge anasema alisikia mama mkwe akivuta pumzi.

"Wewe bomba," Bernadeta akaliambia bomba la daraja, "muulize mkwe wangu watoto hawajambo?"

"Wewe bomba, mwambie mama shikamoo, hawajambo."

"Marahaba. Sasa mwambie nilikuwa nakwenda Pasiansi kwa Modesta kusema maneno haya, afadhali nimemkuta. Nilikubali kupika. Sikukubali kuheshimiwa saa nne kamili kwa khanga nyekundu. Na mama wa jirani naye anaheshimiwa kwa niaba yangu! Mwambie achague, bomba. Kwangu aje kama mkwe au aje kama mwongoza wageni. Viwili sivitaki."

Marijke, angali amelala, akaomba atafsiriwe. Gladness alianza kwa haraka, halafu akawa anatafsiri polepole, halafu sauti ikapungua.

Chenge alitazama zile raba mpya za madam. Alifikiria ndoo ya mayai. Alifikiria Modesta.

"Wewe bomba," akasema, "mwambie mama mimi ni mkwe. Na mwambie madam wageni wake nitawafikisha mwisho wa daraja tu. Ng'ambo siongozi tena."

"Bomba!" Gladness akafoka kabla hajajua anafoka kwa nani. "Mwambie huyo Ngosha amefukuzwa kazi!"

Machibya alicheka mpaka akashika baiskeli isianguke.

Marijke akainuka, akauliza swali moja: huko vilimani nani sasa atawapeleka?

"Mimi sina miguu?" Bernadeta akaliambia bomba. "Nimezaliwa kwenye mawe yale. Kiingereza sina. Njia ninayo, na mahali pa nyoka napajua."

Marijke alipotafsiriwa alifikiri kidogo. Kisha akaliinamia bomba, akaliambia maneno marefu kwa Kiholanzi, kwa heshima kubwa. Mpaka leo hatujui aliliambia nini. Alipomaliza akawapita Chenge na mkwewe kwa upande, akaenda kusimama mbele ya Bernadeta, tayari kwa safari. Wageni wote wakamfuata.

"Bomba," Gladness akasema taratibu, "mwambie hajafukuzwa."

Na ile hesabu ya Machibya ikajimaliza yenyewe. Bernadeta alikuwa tayari anatazama Busisi, akaenda mbele na wageni. Chenge alikuwa tayari anatazama Kigongo, akaenda mbele peke yake. Hakuna aliyegeuka. Jioni alimkuta Modesta ameshapata habari zote kwa simu ya mama yake, na amepika wali.

Makundi ya Marijke yakaanza kuja, na yanakuja bado. Chenge anawavusha wageni, anawafikisha Busisi, anawaaga, anageuka na kuondoka. Bernadeta anasubiri nyuma ya vibanda mpaka ule mgongo upotelee darajani, ndipo anatoka. Na kwa kuwa daraja ni refu, na Chenge hakimbii, wageni wanabaki pale kando ya barabara muda mzuri bila mwongozaji yeyote. Hakuna wa kuwaeleza kitu. Wauza mahindi wanawazunguka, wageni wanapewa watoto wawashikie, wanafundishwa kutafuna muwa, wanabishana bei kwa vidole. Wawili waliwahi kupanda basi la Geita kwa bahati mbaya wakarudi jioni wanaimba. Gladness huwauliza mwishoni ni sehemu gani ya safari waliipenda zaidi, na wengi wanataja hiyo. Sasa anataka kuipa jina aiingize kwenye ratiba, na Chenge amemwomba sana aiache ilivyo.