Yai Nililolikataa

Admin, jina langu lifiche, lakini kisa changu usikipunguze. Mimi ni mama wa miaka sabini na sita, naishi peke yangu Busia, upande wa Kenya. Kwetu ni Mulanda, Tororo, ng'ambo Uganda. Mkiniona kwa nyuma sokoni mtadhani ni mtoto wa shule, na kimo hicho ndicho kisa chenyewe.

Nilizaliwa pacha na mvulana. Tulikula sahani moja, tukalala mkeka mmoja, na kwa urefu tulilingana. Uganda ilipopata uhuru tulikuwa tunaingia miaka kumi na tatu, na kifua changu kilikuwa kimeanza kuchomoza. Siku moja mama akachemsha mayai. Nikanyoosha mkono kama kawaida, nyanya yetu akaupiga kwa mwiko.

"Wewe sasa mwanamke," akasema. "Yai hapana chakula ya wanawake. Unakula yai, unakuwa tasa. Na kuku wachia wanaume."

Mama akaendelea kuyamenya. Kuku wote pale nyumbani alikuwa akiwafuga yeye, na yeye mwenyewe hakuwa ameonja kuku tangu usichana wake.

Ndugu yangu akahamia kula na wanaume. Mimi nikabaki jikoni na ugali wa wimbi na mboga za majani, huku kulima na kuchota maji kukizidi. Wenye mabinti mnaujua umri ule: mtoto anatoka kula na bado ana njaa. Mwenzangu akarefuka hadi kaptula zikamkataa. Gauni langu lilichakaa kabla ya kunibana. Njaa niliizoea, jamani. Kula bila yeye ndiko kulikonishinda.

Jioni moja alinifuata kisimani, akafungua kiganja. Lilikuwa yai la kuchemsha, bado vuguvugu.

"Kula haraka. Mimi hapana sema kwa mtu."

Mate yalinijaa mdomoni. Lakini watoto niliwataka kuliko yai. Nikamwambia, "Unataka nikose kuzaa?" Akanipa mgongo, akalila mwenyewe.

Nikaolewa huku Busia nikiwa bado kijana. Mimba ya kwanza, uchungu ulinishika na mtoto akakataa kupita. Hospitalini wakanipasua. Mtoto alitoka amekufa, na kizazi kikatolewa. Muuguzi mmoja akaniuliza, "Dada, nyonga zako hazikukomaa. Ulipokuwa unakua ulikula nini? Mayai? Nyama?"

Nikamjibu kwa fahari, "Sijagusa hata siku moja tangu nivunje ungo." Akanishika mkono. Kesho yake alinieleza kwamba kukosa vyakula hivyo ndiko kulikonidumaza, na nililia mpaka wagonjwa wenzangu wakaniombea.

Nilirudi kwetu kuuguza kidonda. Nyanya akasema mbele ya ukoo mzima, "Huyu alikula mayai kwa siri." Nikamtazama pacha wangu. Duniani ni yeye tu aliyejua kwamba nililikataa. Kusema hilo kungemfanya akiri kwamba ndiye aliyeniletea, basi akainamisha kichwa. Mume wangu zikamfikia habari hizo, akaoa mwingine. Tangu hapo Mulanda naenda kuzika tu, na jioni ile ile narudi kwenye chumba changu na redio yangu.

Wiki jana pacha wangu alimtuma mjukuu wake wa kike. "Nyanya, Babu mgonjwa sana. Anasema njoo, atachinja kuku mle sahani moja kama zamani. Firigisi, ile ya wanaume, anakuwekea wewe."

Nikamuuliza binti yule yeye hula nini. Akacheka, "Kila kitu, Nyanya." Ana miaka kumi na tatu. Niliposimama kumsindikiza, kichwa changu kilimfika begani.

Ndugu zangu, nishaurini. Nampenda, na hasira ninayo bado. Niende nikale naye, au nimwachie firigisi yake? Kuku sijaonja hadi leo, na ninachoogopa ni kimoja: nikimeza, nikute ni nyama tu, tena tamu.