Kila Mkubwa Alitaka Kupita Kwanza

Wiki ambayo baba yangu aliletwa hospitali kutoka kijijini Mofu, nilikuwa nimeshakorofishana na karibu wakubwa wote wa pale kazini. Sikuwajibu vibaya, sikulelewa hivyo. Niliwaondolea upendeleo tu.

Kazi yangu ni kuangalia chumba cha seva hapa Ifakara. Nje watu wanajipepea na madaftari, mimi humo ndani nimevaa sweta kwa baridi ya kiyoyozi. Seva zetu hutunza takwimu za watafiti, na picha za wagonjwa wa hospitali jirani hupitia humohumo zikienda kusomwa na madaktari wa Dar es Salaam. Njia ni moja, na kila mtu ana haraka.

Watu walidhani shida yetu ni vifaa. Shida yetu ilikuwa adabu. Mzee anayesimamia takwimu alikuwa akija mlangoni, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, ananiuliza habari za nyumbani, kisha anasema taratibu, "Binti yangu, kazi yangu ile ipite kwanza." Utamkatalia vipi mtu uliyetoka kumwamkia? Aliyekikalia kiti hiki kabla yangu hakuweza, na mimi sikuweza. Tukawa tunaiagiza swichi, ile mashine inayogawa njia, kwamba faili za mzee ziwe za kwanza. Kesho yake akaja mama wa maabara, naye mtu mzima. Halafu mkuu wa fedha. Mwisho wake karibu kila kitu kikawa cha kwanza, na wote wakiwa mbele hakuna aliye mbele. Zilizobaki nyuma ni picha za wagonjwa, maana mgonjwa haji mlangoni kunisalimia.

Seva nyingi zikimtumia mwenzao mmoja mizigo kwa pamoja, swichi hujaa, na kinachozidi hutupwa. Kilichotupwa hutumwa upya, na msongamano unazidi. Ni kama wakulima wote wa kata ya Katindiuka wapeleke mpunga mashineni siku moja. Mwenye mashine mwenye akili hangoji uwanja ujae magunia. Anatuma mtu barabarani kuwaambia wanaokuja wapunguze mwendo. Ndicho nilichotaka swichi ifanye. Ikianza kuelemewa tu, iwape ishara wote wanaotuma, wakubwa kwa wadogo, wapunguze kasi.

Mkuu wangu alikubali shingo upande, nikafuta upendeleo wote. Kabla ya chai mzee wa takwimu alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe siku hizi mimi na watoto wa mafunzo ni sawasawa?"

"Kazi yako itafika, mzee, tena haitatupwa njiani."

"Sikujua kama heshima nayo hufutwa kwa kompyuta," akasema, akaenda zake.

Wengine walifuata, kila mmoja na lake. Nilichoka. Uchovu wa jembe, mtu akilala anaamka mzima. Huu wa kuwakatalia watu wazima niliamka nao.

Ndipo mama akapiga simu. Alikuwa hospitali na baba. Wiki kadhaa nyuma baba alianguka kutoka kwenye dungu, lile jukwaa la miti, alipokuwa akiamia ndege shambani. Akainuka, akafunga kichwa kwa kitambaa, akaendelea. Kichwa kilikuwa kikimuuma, nami nikataka kumfuata nimlete mjini. Mama ndiye aliyenizuia. "Mwache avune kwanza," aliniambia. "Unamjua baba yako, utamtia hasira bure." Asubuhi hiyo baba hakuamka, wakamleta.

"Wamempiga picha ya kichwa," mama akasema kwenye simu. "Daktari wa hapa anasema inakwenda kusomwa Dar es Salaam. Mwanangu, si wewe ndiye mwenye hiyo mitambo? Ya baba yako ipite kwanza."

Sentensi ileile niliyokuwa nimeikataa wiki nzima. Na nje ya chumba changu watafiti walikuwa katikati ya kunakili kazi zao za wiki, mzigo mzito kuliko wote. Sitajisifu kwamba nilifikiria haki. Nilimfikiria baba. Nilikaa kwenye kompyuta kumwekea njia yake peke yake, na kama mzee wa takwimu angeingia wakati ule na kuniona, ningemwambia aseme anachotaka.

Sikuhitaji. Nilipoitafuta ile picha nikakuta imeshapita. Wale wakubwa wote walikuwa wamepunguza kasi kama walivyoambiwa, hakuna kilichotupwa, na picha ya baba ilikuwa Dar es Salaam kabla mama hajakata simu. Nilifurahi, sifichi. Nilivua sweta, nikatoka mbio kwenda hospitali nikiamini nimemwokoa baba yangu.

Daktari alinivuta pembeni. Jibu lilikuwa limerudi mapema. Damu ilikuwa ikivujia ndani ya kichwa polepole, tangu siku nyingi, na sasa ubongo ulikuwa umebanwa kiasi kwamba kumsafirisha kusingesaidia kitu. Angeletwa alipoanguka, wangeitoa. Baba alifariki mchana huohuo. Kufika wodini ndiko kulikochelewa, na kuhusu hilo swichi yangu haikuwa na la kufanya.

Mama alikuwa kwenye benchi, kanga imemdondoka begani. Nilikaa karibu naye. Hakulia. Alikuwa akitazama mikono yake, na mimi nikajua anachokihesabu moyoni: siku aliyonizuia, na kila siku iliyofuata hadi mpunga ukaisha shambani.

"Mwanangu," akasema, "niambie ukweli. Ni hiyo mitandao yenu iliyochelewesha?"

Niliwaza mabishano yote yale, wazee waliokuwa wameninunia, na kazi ambayo kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe ilikuwa imekwenda inavyotakiwa.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Foleni ilikuwa ndefu."

Akashusha pumzi, akaniegemea, akaweza kulia.