Kahawa ya Mlango wa Mbele

Saa tano asubuhi, gari kutoka Kayanga linasimama mbele ya Hoteli ya Ghalani, ukingoni mwa Mto Kagera wilayani Kyerwa. Kokugonza Telesfori, mwenye umri wa miaka 22, anatoka mlangoni na kikapu kidogo cha kahawa kavu. Mgeni akilalamika leo, kahawa itaondolewa hotelini, na yeye ataondoka nayo.

Jengo hili lilikuwa ghala la kahawa. Kuta ni zilezile nene, madirisha yalitobolewa baadaye, na mvua ikinyesha vyumba bado vinatoa harufu ya magunia. Chumba namba nne, ambacho sasa kitanda chake kinatazama maji, ndimo wanawake walimokaa chini kuchambua kahawa. Mama yake, Agnetha, alikuwa mmoja wao, Kokugonza akiwa mgongoni.

Kokugonza aliacha shule darasa la tano, mama alipoanza kuumwa miguu na migomba ikakosa wa kuipalilia. Sasa anatandika vitanda hapa hotelini.

"Kazi ya vyumba naipenda, maana mgeni akiwepo mimi sipo," anasema, akitazama chini.

Aibu hiyo ndiyo iliyomponza. Katika nyumba za Wanyambo, wenyeji wa huku, mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla hata hajaulizwa habari za safari. Ni tunda zima, lililochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha likakaushwa mpaka likawa jeusi. Kokugonza aliona haya kuwakabili wageni, akawa anawaachia punje chache juu ya foronya.

Mwezi uliopita, mgeni kutoka Dodoma alitoka chumba namba nne akipiga kelele.

"Mbuzi ameingia! Amejisaidia kitandani kwangu!"

Mwenye hoteli, Abdulkarim, mfanyabiashara wa Kayanga aliyelinunua ghala hilo, alitoka mbio na fimbo kumtafuta mbuzi. Alipoambiwa ukweli hakucheka.

"Niliomba radhi mpaka mdomo ukauma," anasema. "Nikamwambia Koku, akilalamika mwingine, kahawa basi, na wewe urudi kwenu ukalime."

Nyumbani, Agnetha naye hakumtetea.

"Kahawa unaitega kitandani kama sumu ya panya?" alimuuliza. "Inatolewa kwa mkono, mwanangu. Unatafuna wewe kwanza, mgeni aone hukumwekea kitu. Ndipo unampa."

Kwa hiyo leo amesimama mlangoni. Anashuka mwanamume mnene mwenye kofia, fundi wa minara ya simu kutoka Singida.

"Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mwanangu, masikio yangu yamejaa vumbi la kwenu."

Kokugonza anachukua punje moja, anaitafuna, kisha ananyoosha kikapu kwa mikono miwili. Mgeni anachungulia ndani.

"Hizi mbona kama za mbuzi?"

Nyuma ya kaunta, Abdulkarim anaacha kuandika.

"Ni kahawa, baba," anasema Kokugonza, safari hii kwa sauti. "Mama yangu ameichemsha. Unatafuna, ganda unatema."

Mgeni anatafuna. Uso unamkunjamana.

"Chungu!"

Anaendelea kutafuna, anatazama mto, anatema ganda. Kisha anachota punje nyingine na kuzitia mfuko wa shati.

"Hizi za jioni," anasema. "Haya, nionyesheni kitanda."

Abdulkarim anarudi kwenye maandishi yake.

"Ibaki," anamwambia Kokugonza bila kuinua kichwa. "Lakini nikiikuta tena kwenye foronya, tutagombana."

Kokugonza ana ombi jingine, na hilo bosi wake amelikubali kwa msimu wa mvua, wageni wakipungua.

"Mama alikuwa anaingia humu kwa mlango wa nyuma, ule wa magunia," anasema. "Nataka alale namba nne usiku mmoja, kama mgeni."

Agnetha alipopelekewa habari hiyo aliuliza jambo moja tu.

"Mlangoni atanipokea nani?"

"Mimi, mama."

"Basi utafune kwanza."