Kava la Alumini

Plastiki ilimtia Shire kinyaa. Akiona bodaboda ya Isiolo imevishwa kava la mbele la plastiki, limejaa stika na taa za kumetameta, alitema mate. Yeye tangu ujana alifua makava ya pikipiki kwa nyundo, ya alumini, yenye kifua cha kukata upepo na mabawa ya kukinga magoti na miiba ya njia ya Sericho. La kwanza alilitundika ukutani, haliuzwi. Juzi likatoweka.

Leo alilikuta buchani kwa Habsa, limelazwa chali, limejaa matumbo ya mbuzi. Mavi yanaelea, nzi wanafanya harusi.

"Habsa! Huna haya? Hilo ni kava langu!"

"Salaam aleikum kwanza, mzee. Abdikadir wako ndiye aliniuzia. Na ni karai zuri, tangu alipolileta halivuji hata tone."

Abdikadir, mwanawe, muuza plastiki! Yule aliyekataa kufundishwa nyundo, eti ni kazi ya wazee. Lakini halivuji vipi, na lile tundu la taa?

Akakunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono kwenye uchafu ule, akapapasa. Tundu lilizibwa kwa kipande cha alumini kilichofuliwa kikafuata mbinuko, riveti zimebanana, vichwa vyake vimesuguliwa hadi vikalainika. Shire mwenyewe asingeziba vizuri zaidi.

Akautoa mkono ukinuka, akatema mate.

"Kumbe nyundo anaijua, mshenzi yule!"