Klampu Nane

Baba mkubwa alikuwa fundi wa vitanda. Mashua hakuwahi kuunda hata moja, mpaka kivuko kilipoharibika na mkewe akaanza kuzungushwa kwa barabara, mwendo wa saa tano kwenda na saa tano kurudi, kila alipotakiwa kusafishwa damu katika hospitali ya ng'ambo ya mto. Kwa maji ni dakika ishirini. Mara mbili alishuka kwenye basi akiwa amebebwa. Mara ya tatu hakwenda.

"Nitakuvusha mwenyewe," baba mkubwa alimwambia.

"Kwa kitanda gani, cha tatu kwa sita?"

Wakacheka wote wawili.

Mashua ilihitaji mataruma kumi na moja, zile mbavu zinazoshikilia ubao. Mti uliopinda hivyo hakuupata. Akapasua vipande vyembamba kama rula, akavilowesha kwa maji ya moto, akavikunja kwenye kalibu aliyoipigilia sakafuni. Vilipokauka alivipaka gundi, akavipanga vitano vitano, akavibana. Klampu, vile vibanio vya chuma vya kukaza kwa kuzungusha, alikuwa nazo nane tu. Taruma moja lilizimaliza zote, na gundi ilitaka siku nzima.

Akatazama miguu ya mkewe ilivyovimba, akaanza kufungua klampu baada ya muda wa saa sita tu. Kwa macho, taruma lilikuwa safi. Akawa anatoa mawili kwa siku.

Siku ya nne mama mkubwa alijikongoja mpaka kibandani alikofanyia kazi, akae naye. Akaegemea taruma la kwanza, lililosimamishwa ukutani. Likalia ta, ta, ta, likaachana kurasa kwa kurasa kama kitabu kilicholoa.

"Mzee, nimekuvunjia."

"Hujavunja wewe."

Akayakandamiza mengine kwa goti, moja moja. Yote sita yalifunguka.

"Tia misumari," alisema shemeji yake, kaka wa mama mkubwa. "Unavusha mgonjwa, huchukui bibi harusi."

"Misumari itavipasua vipande hivi vyembamba. Tukifika katikati ya mto, utamshika wewe?"

Mama mkubwa alikuwa bado amejishika ukutani.

"Anza upya," alisema.

"Utaweza kungoja?"

"Wewe fanya yako, na mimi nifanye yangu."

Akaanza upya, taruma moja kwa siku. Wapita njia walimtania, "Fundi, safina imefika wapi?" Kila asubuhi mama mkubwa aliuliza idadi akiwa kitandani. Matano. Sita. Asubuhi iliyofuata hakuuliza. Alifariki kabla ya adhuhuri, taruma la nane likiwa na saa tatu tu kwenye kalibu.

Watu walipojaa msibani, shemeji aliingia kibandani kutafuta nafasi ya viti. Akashika klampu ya mwisho, akaizungusha mara moja kuilegeza. Baba mkubwa akasimama mlangoni.

"Usiguse. Gundi haijashika."

Shemeji akaikaza tena, akatoka kupanga viti uani, juani.