Bernardo na Sabuni ya Nanasi

Kwa Bernardo wa Ipole, kuoga lilikuwa jambo la kumaliza haraka. Ndoo moja, kopo moja, kipande cha sabuni ya mche alichokikata mwenyewe kwa kisu, basi. Alifuga nyuki tangu ujana wake, na moshi ulikuwa umemwingia mpaka kwenye kope. Hata Jumapili, pale kanisani kwa Wamoraviani, aliyekaa benchi la mbele alijua Bernardo amefika bila kugeuka.

Mkewe, Pelagia, alikuwa ameizoea harufu hiyo. Pelagia alipofariki wakabaki wawili, yeye na binti yao Yustina. Kisha Yustina naye akapata kazi Unguja, katika hoteli ya ufukweni, kutandika vitanda na kusafisha vyumba vya wageni. Aliaga kwamba anakwenda mwaka mmoja. Sasa ulikuwa wa nne.

Mwezi wa pili, konda wa basi la Mpanda alimshushia Bernardo kifurushi. Ndani mlikuwa na shati, na chini ya shati chupa ya sabuni ya maji ya kuogea, yenye picha ya nanasi, nazi iliyopasuliwa na ua jeupe. Yustina alikwisha kumwonya kwa simu kwamba asiifungie kabatini pamoja na vitu vya marehemu mama. Aioge.

Jioni ile akaingia nayo bafuni, bafu la matofali lisilo na paa nyuma ya nyumba. Akamimina kiganja kizima, maana hakuna aliyemwambia kipimo. Povu likamjaa kichwani, likashuka mgongoni, likakataa kuisha. Ndoo ya kwanza ikakauka bado anateleza kama kambale, ikabidi ajifunge taulo na kwenda kuchota nyingine. Lakini ile harufu! Ilikuwa tamu, nzito kidogo, ya nanasi lililoiva kupita kiasi, na nyuma yake mafuta ya nazi. Alipokwisha kujifuta alikaa kwenye kigoda akaunusa mkono wake kuanzia kifundo hadi kiwiko, kisha akaunusa tena.

Bahari hakuwahi kuiona. Kila alipojaribu kumwaza Yustina huko aliko, alimwona amesimama mahali peupe pasipo na kitu, kama picha iliyokatwa. Sasa alipata pa kumweka. Akasema moyoni, kumbe hivi ndivyo anavyonukia mwanangu siku hizi.

Asubuhi yake ilikuwa zamu ya kwenda msituni kukagua mizinga. Kabla ya kupanda baiskeli akaoga tena kwa ile sabuni.

Festo, jirani yake na mwenzake katika kikundi cha wafuga nyuki, aliipata harufu kabla hawajatoka barabarani. Alikuwa mdogo kwa Bernardo kwa miaka ishirini, kwa hiyo alisema kwa adabu kwamba mzee leo amenukia kama bwana harusi, ila nyuki hawatampokea kwa vigelegele. Bernardo akajibu kwamba atazidisha moshi.

Mizinga miwili ya kwanza ilimvumilia. Wa tatu ulikuwa juu ya mti wa mtundu, na alikuwa bado kwenye ngazi nyuki walipomtokea. Moshi haukusaidia kitu. Waliingia ndani ya wavu wa usoni, wakamfuata shingoni na nyuma ya masikio, palepale sabuni ilipokuwa imekolea. Aliruka, akakimbia mpaka kwenye dimbwi la maji ya mvua, akajilaza kifudifudi. Festo alimtoa miiba mmoja mmoja kwa ukucha.

Jumapili Yustina alipiga, kama kawaida, kwenye simu ya Festo, kwa kuwa ya baba yake ilikuwa kitochi kisichoonyesha sura. Jicho moja la Bernardo lilikuwa bado halijafunguka, na mdomo umevimba upande.

"Shikamoo, baba. Uso una nini?"

"Marahaba, mama. Nyuki tu."

"Nyuki wako hawajawahi kukufanya hivyo tangu nizaliwe."

Festo, aliyeishika simu, akamwambia mzee aseme ukweli. Bernardo akatazama pembeni.

"Niliioga sabuni yako, nikaenda nayo porini. Nilijua haifai."

"Ulijua, na ukaenda?"

"Nilitaka nishinde na harufu yako kutwa nzima."

Yustina aliisogeza simu karibu na uso wake. Kisha akasema taratibu, "Baba, mimi sinukii hivyo. Ile ni sabuni ya wageni. Mimi nanukia dawa ya kusugulia sakafu. Kila nikisafisha mabafu yao naiona, nikasema siku moja baba yangu naye aoge kama wao."

Bernardo alisema asante, akasema wasalimie wenzako, akamwashiria Festo aikate simu.

Hakuitupa chupa. Siku za Jumamosi, ambapo haendi msituni, aliendelea kuioga, lakini starehe ya ile jioni ya kwanza haikurudi. Nanasi liliponukia alimwona Yustina amepiga magoti, anasugua bafu la mtu asiyemjua jina. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alimwona waziwazi huko aliko, na ndipo hamu ilipomzidi. Zamani aliibeba kimyakimya. Sasa alipiga simu mwenyewe, akasema maneno ambayo hakuwahi kuyasema hata Pelagia alipokuwa hai: "Njoo nikuone."

Alikuja mwezi wa tano, masika yalipopunguza wageni na hoteli ikampa siku kumi na mbili. Tatu zikaishia njiani. Bernardo aliacha wenzake watangulie kambini msituni kurina asali, naye akabaki. Siku mbili za mwanzo Yustina alilala tu, na baba yake alipita mlangoni kwa kunyata, akisikiliza pumzi zake. Zilizobaki walipalilia kaburi la mama, wakala ugali na uyoga, wakaketi. Yustina alikuwa amekonda, na viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vya baba.

Siku ya kuondoka alimkumbatia mzee kwa nguvu, akaficha uso begani mwake, kisha basi likamchukua kuelekea Tabora.

Bernardo hakuingia ndani ya nyumba. Alifunga mlango, akapakia vyombo kwenye baiskeli, akaenda kambini siku ileile. Kule msituni simu haishiki mtandao, isipokuwa juu ya kichuguu kimoja mwendo wa saa nzima. Siku ya tatu aliacha kazi akaenda huko peke yake, akasimama na kitochi mkononi mpaka ujumbe wa Yustina ukaingia. Baba, nimefika salama. Kazi nimeanza leo.

Aliusoma mara mbili, akabaki juu ya kichuguu kile kwa kitambo, akitazama upande wa mashariki, uliko Unguja, ambako miti ilikuwa ileile.