Uji wa Mama Mkubwa

Mama yangu alipata shurua utu uzimani, kwa watoto wa jirani aliokuwa akiwaogesha maji ya mwarobaini. Watoto wakapona wote. Yeye ikampanda kichwani. Siku ya tano hakumjua mtu, na maji ukimtia mdomoni yanapita njia ya pumzi.

Hospitali daktari alinieleza mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwengine. Dawa ya kuua maradhi yale hana. Kilichobaki ni kumlisha, apate nguvu za kupigana mwenyewe. Akampitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni. Muuguzi alikuwa mmoja wodi nzima, basi akanifundisha: maziwa, yai na sukari, vichujwe kwa kitambaa, kichwa kiinuliwe, umimine polepole, kisha maji yaliyochemshwa ya kusafishia mpira. Kila baada ya saa tatu. Kwa mdomo, hata tone.

Nilikuwa na miaka ishirini. Baba alishafariki, na kaka zangu waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi.

Wageni walikuja alasiri na suali moja tu: "Kala?" Nikijibu kapewa kwa mpira, wanatazamana. Kwao mtu hali kwa pua. Walinitazama kana kwamba nimemfungia mama chakula kabatini, na mimi hasira zilinijaa, nikawa hata salamu naitikia kwa shida.

Mama mkubwa, dada yake mama, alitoka Makunduchi na bakuli la uji wa mchele.

"Mdogo wangu anakufa na njaa, na wewe unamtazama?"

"Mama mkubwa, uji utampalia."

"Nshalea wagonjwa kabla wewe hujazaliwa."

Siku ya pili yake nilikwenda kuchemsha maji. Narudi, mama kapaliwa, midomo imegeuka rangi, na kijiko kimo mkononi mwa mama mkubwa. Muuguzi alimlaza ubavu, akahangaika naye mpaka pumzi ikarudi. Mimi nikalichukua bakuli nikamwaga uji dirishani. Chakula, mbele ya mtu mzima, na mchele wenyewe siku zile wa kugaiwa kwa foleni.

Mama mkubwa akavaa buibui lake. "Haya. Basi mzike peke yako."

Toka hapo hakuja mtu. Siku tisa. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa nazungumza na mama kila nikimimina: "Bismillahi, mama, haya maziwa," ili ajue kuwa anapewa. Nikiosha mpira, nakaa, nangojea saa tatu nyengine.

Siku ya kumi alimeza kijiko cha maji bila kukohoa. Muuguzi akasema kesho tumjaribu uji, mpira utolewe. Nyumbani sikuwa na punje ya mchele. Nikameza aibu yangu nikamtumia salamu mama mkubwa.

Alikuja na bakuli lilelile. Mama alipofumbua macho vizuri, dada yake ndiye aliyekuwa mbele yake na kijiko.

Aliishi miaka mingi baadaye. Kila aliyekuja kututembelea alihadithiwa uji wa dada yake uliomrudisha duniani, na mimi nawatilia wageni chai. Siku moja nampakulia chakula, akaniuliza, wala si kwa ubaya:

"Na wewe mwanangu, siku zote zile ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nnachemsha maji.